Pimbi wa Tiketi, Pimbi wa Kokoto

Jumapili, siku moja baada ya harusi ya rafiki niliyesoma naye chuo, tulipanda boti sita tukiwa bado na usingizi, tukaondoka Capri Point, Mwanza, kwenda Kisiwa cha Saanane. Safari yenyewe ni ya dakika chache. Kabla hujazoea jaketi la kuokolea ulilovalishwa, umeshafika. Tulilipa kiingilio, tukapewa risiti na mwongozaji, kijana mpole anayependa kazi yake. Akatuonyesha swala pala. Akatuonyesha mjusi dume mwenye kichwa cha waridi na mwili wa buluu, mmoja wetu akasema amevaa nguo za Spider-Man. Kisha akasimama mbele ya jiwe kubwa, akashusha sauti kama mtu aliyeingia nyumba ya ibada, akanyoosha kidole.

"Pale juu. Mmemwona? Pimbi."

Simu tano zikainuka. Ya sita, yangu, ilibaki mfukoni kwa sababu nilikuwa nacheka.

"Vipi, dada?" mwongozaji akaniuliza.

Nikamwambia kwamba kwetu Singida pimbi kama yule anakaa nyuma ya choo cha mama yangu mdogo, na watoto humrushia mabunzi ya mahindi. Wenzangu nao wakacheka. Kijana akatabasamu tu, akasema, "Basi kwenu mna kisiwa."

Alisema kama utani, na mimi niliuchukua kama utani mpaka nilipokaa kwenye basi la kurudi. Shinyanga, Nzega, Igunga. Baada ya kupanda Sekenke nilianza kuyaona mawe yetu upande wa dirisha: moja peke yake katikati ya shamba la alizeti, mengine yamepangana matatu matatu kama mafiga. Karibu na mji niliona moja lenye moshi mweusi unaotoka ubavuni. Nilipofika stendi, pale ambapo abiria wanaopita huamka kununua kuku wa kienyeji na dumu la mafuta ya alizeti, kisha wakalala tena mpaka Dodoma, nilikuwa nimeshakasirika.

Hasira yangu ni hii. Jiwe la Saanane na jiwe la nyuma ya choo cha mama mdogo ni la aina moja. Pimbi ni yuleyule. Moja limezungukwa na maji, tukaliita Hifadhi ya Taifa. Jingine limezungukwa na nyumba za watu, tukaliita malighafi. Tumekosea jiografia, na kosa hilo tulifundishwa darasani, tukalifanyia mtihani, tukapata vema.

Kisiwa ni nini? Ni sehemu ya nchi kavu iliyozungukwa na maji pande zote. Niliandika hivyo darasa la nne na wewe uliandika hivyo. Jibu hilo linamtosha nahodha. Pimbi halimtoshi. Kwake yeye kisiwa ni mahali anapoweza kuishi, palipozungukwa na mahali asipoweza. Kinachozunguka kinaweza kuwa maji. Kinaweza pia kuwa mbuga tupu isiyo na pango la kujificha, au lami, au mtaa wenye mbwa wanne na wavulana wenye manati.

Wala wazo hili halikuanza na mimi. Mwaka 1900 mwanajiolojia Mjerumani, Wilhelm Bornhardt, alichapisha kitabu kuhusu sura ya nchi na miamba ya iliyokuwa Afrika Mashariki ya Kijerumani, yaani kwa sehemu kubwa nchi yetu hii. Alikuwa ametembea humu, akaona milima ya mawe inayochomoza peke yake kutoka ardhi tambarare, akakosa neno la kuiita. Akalitunga: inselberg. Insel kwa Kijerumani ni kisiwa, Berg ni mlima. Mlima-kisiwa. Neno hilo leo liko katika vitabu vya jiografia dunia nzima, linatumika Brazil, Australia na India, na lilizaliwa kwa kuitazama nchi yetu. Mgeni alipita, akaona visiwa. Sisi tuliozaliwa chini yake tunaona tripu za kokoto.

Kuna jambo jingine ambalo mwongozaji wa Saanane hakutueleza. Ziwa Victoria halikuwapo siku zote. Miaka kama 15,000 iliyopita, hali ya hewa ilipokuwa kavu kuliko sasa, ziwa lile lilikauka, kisha mvua zikarudi na likajaa tena. Fikiria maana yake. Wakati ule Saanane haikuwa kisiwa cha boti. Ilikuwa rundo la mawe kwenye tambarare kavu, sawa na rundo lolote unaloliona leo kutoka Singida kwenda Iramba. Ungeweza kulifikia kwa miguu. Maji ndiyo yaliyokuja baadaye. Kwa hiyo anayesema jiwe la Saanane lina heshima kwa sababu ya maji, anaheshimu kilichochelewa kufika.

Sasa nikueleze kwetu, kwa sababu najua umepita usiku.

Singida iko juu, mita kama 1,500 kutoka usawa wa bahari, ndiyo maana ukishuka stendi saa kumi alfajiri upepo unakutafuta mpaka ndani ya soksi. Mvua ni ya msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili, halafu inakaa kimya miezi mingine yote. Mji una maziwa mawili ya chumvi, Singida na Kindai, na ukibahatika unakuta heroe wamesimama majini kwa mguu mmoja mmoja. Chini ya yote haya kuna itale, jiwe la kale kabisa, lenye umri wa zaidi ya miaka bilioni mbili na nusu. Ni sehemu ya kipande kikongwe cha ukoko wa dunia kinachobeba katikati ya Tanzania hadi Ziwa Victoria. Itale hiyo ilipoa chini sana ardhini, ikapasuka mipasuko iliyonyooka kama mistari ya daftari la hesabu. Maji yakapenya kwenye mipasuko, yakala pembe taratibu, yakaacha mabonge ya mviringo yamezikwa kwenye udongo wake mwenyewe. Kisha, kwa muda ambao akili ya binadamu haiwezi kuushika, mvua na upepo vikaondoa udongo. Mabonge yakabaki juu ya mabonge.

Ndiyo maana mtoto wa Singida haulizi nani alipandisha jiwe lile juu ya jingine. Hakuna aliyepandisha. Ni sisi wengine wote tulioshushwa.

Panda juu ya jiwe asubuhi, saa kumi na mbili na nusu, jua likigusa upande wa mashariki. Wa kwanza kutoka ni pimbi. Wanatoka wakiwa wamejikunyata, wanajipanga kwenye jua bega kwa bega, kwa sababu miili yao haiwezi vizuri kujipasha joto yenyewe. Ni wakubwa kama sungura, wana sura ya mtu aliyeamshwa kwa simu isiyo ya lazima. Ukiwaona utadhani ni panya walionenepa, na Watanzania wengi ndivyo wanavyodhani. Ndugu zao wa karibu katika wanyama walio hai ni tembo na nguva. Tazama hilo vizuri: mkubwa wa nchi kavu, yule wa baharini anayetafutwa kwa shida pwani ya Rufiji, na huyu wa nyuma ya choo, wote ukoo mmoja. Nyayo zake ni laini na zina unyevunyevu, zinang'ang'ania jiwe lililosimama wima ambalo wewe na viatu vyako vya mazoezi ungetelezea. Mimba yake inakaa zaidi ya miezi saba, mnyama mdogo kiasi hicho, na mtoto anazaliwa macho wazi, tayari kukimbia.

Nimetaja choo mara ya tatu sasa, naomba radhi. Lakini pimbi nao wana chao. Familia nzima huenda haja mahali pamoja, vizazi kwa vizazi, na mkojo unaganda kwenye jiwe kama nta nyeupe na kahawia. Huko kusini mwa Afrika wanasayansi wamekata tabaka za mkojo huo ulioganda, wakasoma ndani yake hali ya hewa ya maelfu ya miaka: lini kulikuwa na mvua, lini kulikauka, mimea gani ilikuwapo. Ni daftari. Sijasikia mtu aliyekuja kulifungua daftari la Singida, lakini nimeona likichomwa.

Baada ya pimbi hutoka mijusi, madume yakitikisa vichwa kama wazee wanaokubaliana kwenye kikao. Kwenye nyufa zenye udongo wa kiganja kimoja kuna mimea inayokauka kiangazi chote mpaka inavunjika mkononi kama majani ya chai, na mvua ya kwanza ikinyesha inarudi kijani kabla hujasahau kwamba ilikuwa imekufa. Kuna shubiri. Kuna mkuyu uliotia mizizi mahali ambapo hakuna sababu ya mti kuwapo. Na chini kabisa, pembeni mwa jiwe, udongo una maji kuliko shamba lote, kwa kuwa mvua inayopiga jiwe haina pa kwenda ila kushuka. Bibi yangu alipanda mapapai yake pale, na hakusoma jiografia ya mtu.

Kwenye miamba ya nchi kavu za Kenya na Tanzania kuna pia kobe bapa, aliyelala kama chapati. Gamba lake ni jembamba na lina ulaini, na akitishwa hajifungi ndani kama kobe wengine. Anakimbia, ndiyo, anakimbia, anajipenyeza kwenye ufa na kujibana humo. Hutaga yai moja kwa wakati. Kwa miaka mingi walikamatwa na kuuzwa nje wakae kwenye vioo vya watu, na mwaka 2019 nchi za mkataba wa CITES zilipokutana Geneva zilimpandisha hadi orodha ya kwanza, ile ya viumbe wasioruhusiwa kuuzwa kimataifa kwa biashara. Kwenye jiwe letu sikuwahi kumwona. Namtaja kwa sababu sheria ya dunia inamlinda kobe asiuzwe, wakati nyumba yake, ambayo ni ufa kwenye jiwe, inauzwa kwa ndoo ya lita ishirini.

Mwaka 1967 Wamarekani wawili, Robert MacArthur na Edward O. Wilson, walitoa kitabu kidogo kuhusu viumbe wa visiwani. Ukiondoa hesabu zake, kinasema jambo ambalo mvuvi yeyote angekubali: kisiwa kidogo hubeba aina chache kuliko kikubwa, na kilicho mbali hupata wageni wachache kuliko kilicho karibu. Kiumbe akifa kwenye kisiwa kidogo, nafasi yake hujazwa tu iwapo kuna mwingine anayeweza kuvuka. Miaka ya sabini mtafiti Hendrik Hoeck aliwafuatilia pimbi kwenye mawe ya Serengeti, akayachukulia mawe yale kuwa visiwa hasa. Jiwe dogo hukaa familia moja tu. Familia hiyo ikiisha, jiwe husubiri kijana wa kiume au wa kike avuke nyasi kutoka jiwe jingine, na njiani kuna tai na chui.

Sasa ondoa nyasi, weka mtaa. Kijana wa pimbi anayetoka jiwe la mama mdogo kutafuta mwenza anapaswa kuvuka ukuta wa tofali, barabara ya bodaboda, uwanja wa mpira wa shule na mbwa wa mchungaji. Hakuna mamba wala mawimbi, lakini havuki. Bahari yetu ni mabati. Kila kiwanja kinapopimwa bila kuacha korongo la kupitia, tunaongeza kina cha bahari hiyo, na kila tripu ya kokoto inapoondoka, kisiwa kinapungua ukubwa. Mji wa Singida umezungukwa na hifadhi ndogo ndogo za asili zilizokuwapo kabla ya neno hifadhi, na tunazizamisha.

Hapa ndipo baadhi yenu mtaanza kunikubalia haraka mno, na nitawakatisha. Nitawaeleza nilivyolipiwa ada.

Mama mdogo alianza kugonga kokoto mwaka nilipofaulu kwenda kidato cha kwanza. Hiyo ilikuwa kabla ya 2016, sekondari za serikali zilipokuwa bado zinatoza ada. Mume wake alikuwa ameondoka kwenda kutafuta maisha machimboni na maisha yakamchukua. Alikuwa na nyundo moja, kipande cha mpira wa tairi alichokikunja kama pete kushikia jiwe lisimrukie usoni, na kivuli cha gunia juu ya miti minne. Wanaume walikuwa wanachoma: wanapanga tairi kuukuu kwenye ubavu wa jiwe, wanawasha jioni, moto unakula usiku kucha, asubuhi wanamwaga maji. Jiwe linalia mlio ambao nikiusikia leo, popote nilipo, naweza kukuambia unene wa ganda lililotoka. Kisha mtaimbo, kisha nyundo kubwa, kisha wanawake na watoto wanakaa chini kuvunja vipande mpaka viwe saizi ya ndimu. Jumamosi na likizo nilikuwa mmoja wa watoto hao. Kidole changu cha shahada mkono wa kushoto hakinyooki vizuri. Ndicho ninachogongea hizi herufi.

Kwa hiyo siandiki kama mtu aliyetoka hotelini na kuona mawe yanavunjwa. Nimeyala mawe haya. Nimeyavaa kama sare na kuyalipa kama mchango wa madawati. Nilipomsimulia mama mdogo habari za Saanane, nikafika mahali pa kusema kwamba mawe yetu nayo yanastahili kulindwa, aliendelea kuchambua mboga bila kuinua kichwa.

"Mwanangu," akasema, "pimbi alikulipia ada?"

Sikuwa na jibu siku hiyo. Nimelitafuta tangu wakati ule na nimepata nusu yake tu, ndiyo ninayoiandika.

Mtu wa kulaumiwa si mwenye nyundo. Ndoo ya mama mdogo hununuliwa na mtu, anayeuza kwa mwenye tipa, anayeuza kwa mkandarasi, na bei inayopanda njiani haimrudii aliyekaa chini ya gunia. Kokoto ile inajenga nyumba za watu, ndiyo. Inajenga pia madarasa. Nimekaa kwenye darasa ambalo nina hakika kwamba sakafu yake ilitoka kwenye jiwe nililolichezea, nikafundishwa humo kwamba kisiwa ni sehemu ya nchi kavu iliyozungukwa na maji pande zote. Yaani tulikivunja kisiwa ili tupate mahali pa kufundishia kwamba hatuna kisiwa.

Wapo pia watakaosema: basi tangazeni hifadhi, wekeni uzio, hao wagonga kokoto waondoke. Hao nawaogopa kuliko mwenye tipa. Jina lenyewe la Saanane ni la mtu, Mzee Saanane Chawandi, aliyekuwa akiishi na kulima pale kabla ya serikali kukichukua kisiwa mwaka 1964 na kukifanya bustani ya wanyama. Tukamwondoa mzee, tukaacha jina, tukaleta wanyama. Mwaka 2013 kikawa Hifadhi ya Taifa, ndogo kuliko zote nchini, kilomita za mraba 2.18 ukihesabu na maji yake. Rubondo, kisiwa kikubwa zaidi magharibi mwa ziwa hilohilo, kililetewa sokwe 17 kati ya 1966 na 1969, kutoka bustani za wanyama za Ulaya. Rudia kusoma. Sokwe waliokuwa wakiishi kwenye vizimba vya Ulaya walisafirishwa hadi kisiwa ambacho hakikuwa na sokwe, wakaachiwa msituni, na vizazi vyao vipo hadi leo. Siyapingi hayo. Nasema tu kwamba nchi iliyoweza kumpa sokwe wa Ulaya kisiwa haiwezi kuniambia kwamba kumwachia pimbi wa Singida jiwe alilozaliwa juu yake ni jambo gumu.

Ugumu uko kwenye macho yetu. Tumefundishwa kwamba uzuri wa asili una geti. Ukilipa, ni utalii. Usipolipa, ni pori, na pori ni kitu kinachosubiri kusafishwa. Vijana wenzangu wa mtandaoni wanachanga miezi mitatu kwenda kupiga picha visiwa vya Zanzibar, wanarudi na maneno matamu kuhusu matumbawe. Waulize nyumbani kwao kuna mnyama gani. Watakuambia hakuna. Waliotoka kwetu ndio wabaya zaidi: "Singida? Kuna upepo tu." Nimewahi kuisema sentensi hiyo mwenyewe, chuoni, nikitaka kupendwa.

Na wapo wanaosema mawe hayaishi, Singida nzima ni mawe. Kweli, itale haiishi. Ukichimba kwenye mwamba mlalo, ule uliolala usawa wa ardhi usio na nyufa wala mapango, utapata kokoto mpaka wajukuu wachoke. Kinachoisha ni jiwe lililosimama, lenye mapango, lililochukua mamilioni ya miaka kuvuliwa udongo wake. Hilo likipasuka halipandwi upya kama mti. Na wachomaji hulipenda hilohilo kwa sababu rahisi: liko karibu na barabara, tipa linafika.

Kwa hiyo ninachotaka si uzio wala geti. Nataka orodha. Kila mtaa uliozungukwa na mawe ukae na wazee wake, wagonga kokoto wakiwamo, waandike mawe gani yasiguswe na yapi yagongwe. Viwanja vinapopimwa, mpima aache korongo na ukanda wa nyasi kati ya jiwe na jiwe, upana wa kupita mbuzi unatosha. Wanawake wanaogonga waundiwe kikundi na kupewa leseni yao ya uchimbaji mdogo; Sheria ya Madini ya 2010 inahesabu vifaa vya ujenzi kuwa madini, kwa hiyo mlango wa kisheria upo. Wapewe eneo la mwamba mlalo lenye barabara ya tipa. Wapewe tindo na mashine ndogo ya kusaga, waache kuvuta moshi wa tairi. Na shule inayojengwa kwa fedha za umma inunue kokoto kwao moja kwa moja, kwa bei inayoandikwa ukutani. Ukiniambia hayo ni mengi kwa ajili ya pimbi, nitakuambia nusu yake ni kwa ajili ya mama mdogo, na pimbi anapita humohumo.

Nilikwenda ofisi moja inayohusika. Sitaitaja, kwa kuwa aliyenipokea alinipa kiti na maji ya kunywa, jambo ambalo si la kawaida. Alinisikiliza mpaka nilipofika kwenye neno kisiwa, akaangalia dirishani. "Andika barua," akasema. Nimeandika. Ina muhuri wa kupokelewa. Kurasa mbili, na kiambatisho cha mawe saba ya mtaa wetu yaliyoorodheshwa na mama mdogo na wenzake wanne, baada ya ubishi wa jioni mbili. Walilitoa moja kwenye orodha kwa sababu lina mkopo juu yake, yaani kuna mtu ameshalipwa kwa kokoto ambazo bado hazijagongwa. Niling'aka. Mama mdogo akaniuliza kama mimi ndiye nitakayeurudisha mkopo huo. Likatoka.

La nyuma ya choo limebaki kwenye orodha, namba tatu. Hawakulikubali kwa ajili ya daftari la hali ya hewa wala kwa ajili ya Bornhardt, ambaye nilijaribu kuwaeleza nikashindwa kulitamka jina lake bila wao kucheka. Walikubali kwa sababu ya mapapai ya bibi.

Jumapili iliyopita niliamka saa kumi na mbili, nikakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa na kikombe cha chai ya tangawizi, nikahesabu. Walitoka kumi na mmoja, watatu wakiwa wadogo. Mama mdogo alitoka na kanga begani, akasimama karibu yangu kwa muda, jambo ambalo sijawahi kumwona akilifanya.

"Kule Mwanza mlilipa shilingi ngapi kuwaona hawa?"

Nikamtajia.

"Kila mtu?"

"Kila mtu, mama."

Akanyamaza. Kisha akaenda kumfokea mtoto wa jirani aliyekuwa ameokota bunzi.